Karata Hazidaiwi: Hasira Kwenye Meza ya Poka

Hotuba hii niliitoa mbele ya wachezaji wenzangu wa poka tulipokutana Dar es Salaam. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika na wameomba wayapate maneno yenyewe badala ya kusimuliwa.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mlioketi mbele, kaka na dada zangu, nanyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, habari za jioni.

Kabla sijawa mchezaji nilikuwa mgawa karata. Kwa miaka 11 nilikaa upande ule wa meza ambao hauna cha kushinda wala cha kupoteza, nikichanga karata, nikizikata, nikizigawa, nikisogeza chipu kutoka kwa aliyeshindwa kwenda kwa aliyeshinda, na wakati wote huo nikiwatazama watu. Nikisema chipu nakusudia vile vidude vya duara vya mezani vinavyosimama badala ya fedha. Mwanangu wa mwisho aliamini kwa muda mrefu kwamba mama yake anakwenda kazini usiku kugawa chipsi.

Aliyenialika aliniomba nizungumzie namna ya kutokasirika mezani. Nilimjibu kwamba hotuba hiyo siiwezi, kwa sababu katika miaka yote ile sikumwona mtu asiyekasirika. Niliwaona waliokasirika wakaondoka na fedha zao, na niliwaona waliokasirika wakaziacha zote. Kinachowatenganisha hao wawili ndicho kilichonileta hapa. Najua pia kwamba majumbani kwetu wapo wanaouita mchezo huu kamari, na hawakosei: fedha inawekwa, na bahati ina sehemu yake. Sikuja kubishana nao. Nimekuja kuzungumza nanyi mnaocheza tayari.

Niruhusuni nianze na aibu yangu mwenyewe, maana si adabu kuanza na ya jirani.

Miaka michache baada ya kuacha kazi ya kugawa, nilikaa usiku mmoja kwenye meza ya Texas Hold'em, ule mchezo ambao kila mmoja hupewa karata 2 za siri na karata 5 hufunuliwa katikati kwa ajili ya wote. Nikapewa ree mbili. Hakuna mwanzo ulio bora kuliko huo. Bwana mmoja aliyekaa kushoto kwangu alikuwa na wafalme wawili, wale ambao wazee wetu wa Pwani huwaita wazungu wa nne. Tukapandishiana dau mpaka chipu zetu zote zikawa katikati, tukafunua karata zetu za siri, na karata 4 za mwanzo zikatoka bila kumsaidia. Zilibaki karata 44 ambazo sisi wawili hatukuzijua, na kati ya hizo ni 2 tu, wafalme waliobaki, zilizoweza kumwokoa, maana wafalme watatu huzishinda ree mbili. Mara 1 katika kila 22. Mimi nilikwisha kuanza kuzipanga zile chipu akilini. Karata ya mwisho ikawa mfalme wa kopa.

Yule bwana hakunicheka. Alisema, "Pole, dada," na sauti yake ilionyesha kwamba amemaanisha. Nikatabasamu, nikamjibu kwamba ndio mchezo wenyewe. Uso wangu ulitulia kama maji ya mtungini. Lakini ndani yangu, ndugu zangu, kulikuwa na sauti moja iliyokuwa ikisema: zile ni zangu. Haikusema nimepoteza. Ilisema ni zangu, na huyu bwana anazo.

Mkono ule, yaani mgawo ule mmoja wa karata, ulinigharimu shilingi 200,000. Dakika 40 zilizofuata zilinigharimu 650,000. Nauliza, nani alizichukua zile 650,000? Mfalme wa kopa? Nilizitoa mwenyewe, kwa mikono yangu hii miwili, nikifuata kila dau la yule bwana kwa karata ambazo siku nyingine nisingezitazama mara mbili, nikiwaacha wachezaji wengine sita kana kwamba hawapo, kwa sababu nilikuwa nimeacha kucheza. Nilikuwa nadai.

Na hapa ndipo ningependa tukae kidogo. Hasira ya mezani ni hasira ya mtu anayeamini kwamba anadai. Hebu basi tulihesabu deni lenyewe tuone limetoka wapi. Katika karata 52 kuna mikono 1,326 ya karata mbili mbili inayoweza kupatikana, na yenye ree mbili ni 6 tu, yaani mara 1 katika kila 221. Meza yenye mgawa karata mzoefu huchezwa mikono kama 30 kwa saa. Maana yake ni kwamba utakaa zaidi ya saa saba, karibu zamu nzima ya kazi, ndipo uzione ree mbili mara moja kwa wastani. Mtu aliyengoja zamu nzima ataachaje kuona kwamba anastahili mshahara? Lazima aone. Kisha anakumbuka kwamba ree mbili zikikutana na wafalme wawili, chipu zote zikiingia kabla ya karata za katikati, ree hushinda karibu mara 82 katika kila 100, na hapo anahisi kwamba ana hati ya deni mkononi.

Sote tunaikumbuka ile 82. Wangapi kati yetu tunakaa mezani tukiwa tumeikubali ile 18 inayobaki? Na bila ile 18, nani angekubali kukaa kucheza nasi? Yule bwana mwenye wafalme anarudi kila Ijumaa kwa sababu ya 18. Mgeni asiyejua lolote anarudi kwa sababu ya 18. Fedha zote ambazo mchezaji mzuri huzipata kwa mwaka mzima zinaletwa mezani na watu wanaoitumainia ile 18, kisha sisi hao hao tunakasirika inapotokea.

Karata hazidaiwi. Nalirudia polepole, hasa kwa ndugu zangu wenye maduka, mliozoea kuandika madeni kwenye daftari: karata hazidaiwi. Karata haijui jana ulipewa nini, haijui umekaa tangu saa ngapi, haijui kodi ya nyumba inalipwa lini.

Wala si mimi peke yangu niliyeliona jambo hili. Mwaka 2013 watafiti wa Finland, Jussi Palomäki na wenzake, walichapisha uchambuzi wa simulizi za wachezaji wa poka ya mtandaoni waliokwisha kupoteza vibaya, na miongoni mwa yaliyojitokeza ilikuwa ni hisia ya kudhulumiwa, yaani ile ya mtu anayeona kwamba haki imepindishwa. Mtazame mtu aliyedhulumiwa. Je, huhesabu? Huenda zake akalala? Mtu aliyedhulumiwa hutafuta haki yake usiku huo huo, kwa gharama yoyote.

Wenzangu waliowahi kugawa karata wanajua haki hiyo hutafutwa kwa nani. Kwanza hutafutwa kwa karata zenyewe: "Badilisha karata hizi!" Nazibadilisha, nazimwaga mezani kifudifudi, nazikoroga kwa viganja vyote viwili, nazichanga, nazikata, nampa. Anapoteza tena. Anaomba kuhama kiti. Anapoteza. Anaomba mgawa karata mwingine. Usiku mmoja mteja mmoja alinirushia karata zake, na kona ya mojawapo ikanichana hapa chini ya jicho. Kosa langu lilikuwa kumgawia mbili na saba, mkono dhaifu kuliko yote, mara tatu ndani ya saa moja. Baadaye alirudi kuniomba radhi akiwa na noti ya 10,000 mkononi. Radhi nilipokea, noti nilikataa. Lakini nilichokikumbuka baadaye ni kwamba mtu yule alibadilisha kila kitu kwenye meza ile isipokuwa dau lake, ambalo lilizidi kupanda.

Wachezaji duniani kote huita hali hiyo tilti, na asili ya neno hilo inafaa kuijua. Limetoka kwenye zile mashine za mchezo wa gololi ya chuma, zenye vibao viwili vya kuipigia gololi isianguke. Ndani ya mashine huning'inia kipande cha chuma katikati ya pete. Ukiitikisa mashine kupita kiasi ili gololi iende upendako wewe, chuma kinaigusa pete, taa ya tilti inawaka, na vibao vyote vinakufa. Unabaki ukiitazama gololi ikishuka. Mashine ile imepewa kitu ambacho sisi hatukupewa: taa. Mtu akitikisika, vibao vyake havifi, vinaanza kupiga kwa nguvu zaidi.

Kwa hiyo tuijue hasira kwa dalili zake, maana haiji ikabisha hodi na kutaja jina. Watu hupenda kuusifu uso usioonyesha kitu. Mimi sikuutazama uso hata siku moja, uso hufundishika. Nilitazama vidole. Kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa na tabia ya kupanga chipu zake kwa mafungu ya ishirini, akazizungusha moja moja mpaka alama za pembeni zikakaa kwenye mstari mmoja kama matofali ya fundi hodari. Akipoteza, uso haukubadilika. Lakini mafungu yalianza kupinda, alama zikapotezana, na dau lake, ambalo kwa kawaida alilisukuma baada ya kutafakari, likawa linatua mezani kabla mwenzake hajamaliza kusema. Nilijua, na bahati mbaya mzee aliyekaa mkabala naye alijua pia.

Dalili nyingine iko katika hoja. Hasira huja imevaa kanzu ya hoja. Husema, "Huyu ananionea, lazima nimwonyeshe." Husema, "Nimeshapoteza sana, sasa lazima igeuke." Husema, "Nikiinuka sasa nitakuwa nimeshindwa, nikikaa bado sijashindwa." Hiyo ya mwisho ndiyo yenye sumu kali. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walichapisha makala iliyokuja kuwa mashuhuri katika uchumi, na ndani yake wakaeleza kwamba mtu ambaye hajapatana na hasara yake yuko tayari kuingia katika bahati nasibu ambazo siku nyingine angezikataa. Walitaja pia jambo ambalo watu wa mbio za farasi walilijua zamani, kwamba kadiri siku inavyoelekea ukingoni ndivyo wachezaji wanavyozidi kuwekea fedha farasi wasiotarajiwa kushinda. Kwa nini jioni? Kwa sababu jioni wengi wamekwisha kupoteza, na ni farasi dhaifu pekee awezaye kulirudisha lote kwa mara moja.

Wala msidhani kwamba fedha ndiyo chanzo cha yote. Nimekulia Tanga katika nyumba yenye baraza, na wazee walicheza karata pale kila siku baada ya alasiri, bila hata senti, na bado niliwaona watu wazima wenye wajukuu wakikaa wiki nzima bila kusalimiana kwa sababu ya ree ya shupaza iliyofichwa. Kinachouma ni kufedheheka mbele za watu. Fedha huja baadaye kulipia fedheha.

Sasa najua yupo hapa anayetaka kuniuliza: mbona Phil Hellmuth? Swali zuri. Huyu ni Mmarekani aliyeshinda shindano kuu la World Series of Poker, Las Vegas, mwaka 1989, akiwa na miaka 24, akimshinda Johnny Chan aliyekuwa amelitwaa miaka miwili mfululizo. Mpaka mwaka 2023 alikuwa amekusanya bangili 17 za mashindano hayo, maana kila shindano mshindi wake huvishwa bangili, idadi ambayo hakuna mwingine aliyeifikia. Na ni mtu mwenye hasira inayojulikana dunia nzima. Akipoteza huinuka, huzunguka, hulalamika, humsimanga aliyemshinda kwa kucheza vibaya. Wamempa hata lakabu ya mtoto mdeka wa poka. Sasa, kama hasira inaangamiza, huyu amefikaje hapo?

Mtazameni tena, safari hii kwa jicho la mgawa karata. Anapiga kelele wakati mkono umekwisha kwisha. Chipu zimeondoka, karata zimekusanywa, hakuna cha kuamua. Kisha anarudi kuketi, na mkono unaofuata, akipewa karata mbovu, anazitupa. Anaendelea kuzitupa. Hasira yake iko mdomoni. Usiku wangu wa mfalme wa kopa, mimi mdomo wangu ulikuwa na tabasamu na hasira yangu ilikuwa mkononi. Nani kati yetu alikuwa mtulivu? Simpigii debe, tabia ile inachosha na inawavunjia watu heshima, na nisingependa kumgawia karata. Lakini kama ni lazima hasira ikae mahali, heri mdomoni kuliko mkononi, na heri zaidi mguuni, kama nitakavyoeleza.

Kwa upande mwingine yuko Stu Ungar wa New York. Wengi waliocheza naye walikubali kwamba hawajaona akili ya karata kama ile. Alilitwaa shindano hilo kuu mwaka 1980, akalitwaa tena 1981, kisha akapotea katika dawa za kulevya na kamari za michezo na farasi. Mwaka 1997 hakuwa hata na dola 10,000 za kiingilio. Rafiki yake alimlipia, naye akashinda dola milioni 1 na nusu yake ikawa ya aliyemlipia. Novemba 1998 alikutwa amefariki katika chumba cha moteli Las Vegas, akiwa na miaka 45, na fedha zile zilikuwa zimekwisha. Sikulileta jina lake ili tumhukumu marehemu. Nimelileta kwa ajili ya wale vijana wanaoniambia, "Bi mkubwa, mimi hesabu ninaziweza." Yeye aliziweza kuliko sote tulio katika ukumbi huu. Na niongeze hili moja: mtu anayecheza na fedha ya kodi, ya ada ya mtoto, au ya kukopa, akinijia na kuniuliza afanyeje asikasirike mezani, sina la kumfundisha kuhusu karata. Ainuke. Azungumze na mtu wa nyumbani mwake usiku huo huo.

Ninyi mlio na fedha ya ziada mtauliza: na sisi tufanyeje? Nitawaeleza nifanyavyo.

Kwanza, kiasi cha fedha nakiamua nyumbani, nikiwa nimeshiba. Nina fedha ya kukaa mezani mara mbili. Zikiisha nimemaliza, hata kama kiti cha jirani amekaa mtu asiyejua tofauti ya pau na shupaza. Zamani jambo hili lilikuwa rahisi, maana aliyeishiwa aliishiwa. Siku hizi kila mtu ana fedha ndani ya simu, na wakala yuko hatua ishirini kutoka mlangoni, tena yuko macho mpaka alfajiri, akijua fika anawangoja akina nani. Kwa hiyo laini yangu yenye fedha inabaki nyumbani, kwenye kabati la vyombo, na mume wangu anajua.

Pili, kila inapofika zamu yangu ya kuamua, naweka kiganja juu ya karata zangu, navuta pumzi tatu, ndipo nasema neno. Nafanya hivyo nikiwa na ree mbili, na nafanya hivyo nikiwa na mbili na saba. Lazima iwe kwa zote, la sivyo wenzangu watakisoma kiganja. Mwanzoni niliona haya, mtu mmoja akaniuliza kama ninazisomea dua. Nilimwambia ndiyo.

Na la mguu ni hili. Nikishindwa vibaya nainuka, naacha meza izunguke mara moja bila mimi. Mnajua bei yake? Kwenye meza ya madau ya lazima ya 500 na 1,000, ambayo kila mchezaji huyaweka kwa zamu, mzunguko mzima unakugharimu shilingi 1,500. Usiku ule nilizitoa 650,000 kwa kuona aibu ya kuinuka.

Hili la kuinuka sikulibuni. Nililipata kwa mteja mmoja mzee, mfanyabiashara wa vipuri vya magari, ambaye nilimgawia karata kwa miaka mingi. Alikuwa akipigwa mkono mkubwa, anaitazama karata iliyomuua, ananiambia, "Ahsante, binti," anavaa viatu vyake, maana mezani alipenda kuvivua, anatoka nje. Baada ya muda anarudi. Au harudi. Sikuwahi kuelewa kwa nini siku nyingine anarudi na siku nyingine hatumwoni mpaka wiki ijayo. Siku yangu ya mwisho kazini nilimfuata mlangoni, nikamuuliza, mzee wangu, huwa unafanya nini huku nje?

Akasema, "Nahesabu bajaji zinazopita. Zikifika thelathini, na yule bwana aliyenishinda nimekwisha kumsahau, narudi ndani."

Na kama hujamsahau?

"Hiyo ya thelathini na moja naipungia mkono, inanipeleka nyumbani."